Mkwe Aliyeikimbia Kamera

Nyinyi wasichana wawili mliokalia kiti changu kule getini, mbele ya kile kioo, haya ni yenu. Nimestaafu juzi tu, na mgongo wangu bado unaamka saa ya kazi ingawa hauna pa kwenda. Sikusoma sana. Nilifika darasa la tatu kule Chawia, nikatolewa shuleni nilee ndugu zangu, na herufi nyingine nilizipata kwenye ngumbaru nikiwa tayari mama wa watoto. Nikikosea msicheke kwa sauti. Chekeni humo humo kibandani.

Watu wanataka nieleze nilivyopanda vyeo. Sielezi. Cheo hakijawahi kunichekesha. Nataka kueleza jinsi kamera ilivyokaribia kumfukuzisha kazi mkwe wangu, mume wa binti yangu Mghoi, na jinsi kamera hiyo hiyo ilivyomrudisha nyumbani mzima. Mkwe wangu anaitwa Mwadime. Mmeona? Nimeliandika jina lake bila kusita. Zamani nisingethubutu hata kulinong'ona.

Nianze mwanzo. Nilikuja kwenye hiki kiwanda cha mkonge karibu na Voi miaka ya sitini, bendera ya nchi ikiwa bado inanukia upya. Nilitoka kwenye ukungu wa milimani nikashuka kwenye jua la tambarare, jua ambalo hata mjusi hulikimbia. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuanika. Nyuzi zinatoka kwenye mashine ya kuchana mkonge zikiwa mbichi na kijani, unazibeba begani, unazitupa juu ya waya, unazitandaza kwa mikono. Maji ya mkonge yanawasha kuliko maneno ya wifi. Siku ya kwanza nilijikuna mpaka nikasahau njaa. Jioni mama mmoja mtu mzima, Mama Samba, akanipaka mafuta ya nazi mikononi akaniambia, "Kesho vaa soksi kuukuu mikononi, na acha kulia. Mkonge ukijua unalia, unazidi."

Huyo Mama Samba ndiye mwalimu wangu. Baadaye alipelekwa getini kupekua akina mama wanaotoka, na alipoona nina macho, akaomba nipewe kazi hiyo pamoja naye. Alinifundisha jambo moja ambalo nimelitumia maisha yote. "Usitazame uso," alisema. "Uso ni muongo. Hata mtoto mdogo anajua kununa bila hasira. Tazama miguu. Miguu haijafunzwa uongo."

Tulipekua kwa adabu, lakini tulipekua. Mwanamke akiingia asubuhi na tumbo lake la kawaida, halafu jioni anatoka na mimba ya miezi saba, usimpongeze. Kuna mmoja alikuja namna hiyo, anatembea polepole, mkono kiunoni, anahema. Mama Samba akamtolea kiti.

"Keti, mwanangu. Leo nitakuzalisha hapa hapa."

"Mama, mimi niko salama."

"Najua. Mtoto ndiye simjui."

Akamfungua leso, akaanza kuvuta kamba. Alivuta, akavuta, wanawake kwenye foleni wameshika mbavu. Ikatoka kamba ya kufunga ng'ombe wa kijiji kizima cha Mahoo. Mama Samba akamkabidhi mnyapara akasema, "Ni msichana. Mrudishe stoo kwa mama yake." Yule mwanamke hakupelekwa ofisini. Kicheko kile kilimtosha, na hakuiba tena. Mimi nilijifunza hapo kwamba kulinda mali si lazima uvunje mtu.

Mama Samba akarudi kwao Mbololo kupumzika, mimi nikabaki getini na macho aliyonipa. Miaka ikaenda. Mghoi akakua, akaolewa.

Kwenye miaka ya themanini akaja meneja mpya kutoka ng'ambo. Tulimwita Bwana Kofia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila kofia, hata ndani ya nyumba, hata kwenye kivuli. Hakuwa mtu mbaya. Alikuta mashine imekula vidole vya mfanyakazi mmoja, na hakuna aliyejua kusema imekuwaje, kila mtu alikuwa ametazama kwingine. Akasema, "Nataka jicho ambalo halitazami kwingine." Akaagiza kamera.

Fundi alitoka Mombasa, anaitwa Athmani, kijana mpole mwenye Kiswahili kinachoteleza kama mafuta. Akafunga kamera moja getini, moja mlango wa stoo, moja juu ya mashine ya kuchana. Kwenye kibanda changu akaweka kioo kama televisheni, picha nyeusi na nyeupe, na vibonye vya kubadilisha kutoka kamera hii kwenda ile. Pembeni akaweka mikrofoni, na waya wake ukaenda mpaka spika iliyoning'inizwa pale wanapoingiza majani mashineni.

"Bibi, usikiogope. Si shetani hiki, ni nyaya tu."

"Kama ni nyaya, mnyapara ameingiaje humo?"

"Hayumo humo, bibi. Yuko stoo."

"Basi mpelekee habari kwamba namwona anavyojikuna."

Athmani akacheka mpaka akaangusha bisibisi.

Mimi sikuwa wa kwanza kukikalia hicho kiti. Waliwekwa wanaume wawili. Kwa muda wote waliokaa hapo, kamera ya getini haikubadilishwa hata mara moja, kwa sababu ndiko wasichana walikopita. Wakaripoti kwamba geti liko salama kabisa. Ilikuwa kweli. Wakati huo mbuzi walikuwa ndani ya stoo wanatafuna magunia. Bwana Kofia akawaondoa akasema, "Nipeni mtu ambaye ameshachoka kushangaa watu." Wakaniita mimi.

Hapo mwanzo watu walikuwa sarakasi. Mzee wa mizani alikuwa akivua kofia na kuinamia kamera kila asubuhi, maana hawezi kumpita mtu bila salamu, na aliambiwa humo ndani kuna mtu. Kina mama walipita wamejipaka mafuta. Mmoja alimleta mumewe siku ya mapumziko na kumwonyesha kamera kwa kidole: "Huyo ndiye shahidi kwamba nikisema niko kazini, niko kazini."

Na kile kioo kilituondolea ugomvi. Wanawake wa kuanika walikuwa wanatundika vikapu vyao vya chakula karibu na stoo, na vyakula vikawa vinapotea. Wawili walikuwa hawasemezani kwa sababu ya viazi. Siku moja nabonyeza kamera ya stoo, naona nyani mkubwa, ametulia kama karani. Anafungua kikapu, anatoa viazi, anafunika tena vizuri, anarudisha kwenye msumari! Niliwaita wale wawili waje wamwone. Walikumbatiana mbele ya kioo, wakasema hata wao hawafuniki vizuri vile.

Kilisaidia kupanga kazi pia. Niliona mikokoteni ya nyuzi inasongamana kwenye mlango mmoja huku mlango mwingine umefungwa kwa mazoea tu. Nikasema, ukafunguliwa, jasho likapungua. Lakini meneja alipotaka kamera ya nne, ya njia ya chooni, ajue nani anakaa huko sana, nilimwambia, "Hiyo utaitazama wewe mwenyewe, bwana." Akawa mwekundu. Haikufungwa.

Sasa nisikilizeni hapa, nyinyi mliozaliwa juzi. Kwetu, kwenye nyumba niliyolelewa, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani. Mkikutana njiani, yeye anaingia kichakani, wewe unavuta leso usoni. Humtaji jina, hakutaji. Si chuki. Ni heshima, tena nzito kama godoro lililolowa maji. Mwadime alilelewa hivyo hivyo. Alikuwa mtia grisi kwenye mashine ya kuchana, kijana mrefu, mkimya, na mwendo wake ulikuwa wa kipekee: mguu wa kushoto anautupa nje kama anapiga teke kuku. Kwa miaka, akifika getini, mimi nageuka kutazama ukuta, yeye anapita upande wa pili. Tuliishi vizuri sana bila kuonana. Nikiwa na neno lake nilisema "yule wa Mghoi," na Mghoi alilifikisha.

Halafu mtu akamweleza: kamera ikikuona, mama mkwe wako amekuona. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Mwadime akaacha kupita getini kama watu. Alizunguka nyuma ya lundo la takataka za mkonge, akapita kwenye mfereji wa maji machafu, akafika kazini suruali imelowa hadi magotini. Pale mashineni, ambapo hapakuwa na pa kuzungukia, alitembea na gunia amelishika mbele ya uso kama pazia. Mimi nilijua mara moja. Niliona gunia linatembea, na chini yake mguu wa kushoto unapiga teke kuku. Moyo wangu ukafurahi, ukaogopa hapo hapo. Nilifurahi kwa sababu binti yangu ameolewa na mtu. Niliogopa kwa sababu si mimi peke yangu niliyekuwa na macho.

Bwana Kofia aliingia kibandani asubuhi moja akaliona lile gunia.

"Huyo ni nani? Anaficha nini?"

"Anaficha uso, bwana."

"Anayeficha uso anaficha na kitu kingine."

"Huyo ni mkwe wangu. Ananiheshimu."

Akanitazama kama nimemjibu kwa Kidawida, lugha ya kwetu. Nikamweleza yote, njia, kichaka, leso, majina. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama Mghoi, kamera si mama mkwe."

"Bwana, kamera ni macho yangu. Wewe ndiye uliyeyafunga pale juu."

"Mtu akikwepa kamera, siwezi kumweka karibu na mashine inayokula watu. Mpaka Ijumaa. Apite kama wengine, uso wazi, au aende nyumbani."

Na hakuwa amekosea kabisa, hilo ndilo lililoniuma. Siku hiyo sikungoja usiku nikae kuwaza. Nilikwenda kwa Mghoi jua bado lipo, nikamkuta anachambua maharage.

"Mwambie yule wako apite getini. Nitafumba macho."

"Mama, utafumba macho kazini? Si utafukuzwa wewe?"

"Basi apite nikimtazama. Sitakufa."

Akaenda kumwuliza mumewe nyuma ya nyumba. Nilisikia wakinong'ona, kisha akarudi na uso umeanguka. "Anasema kazi nyingine ataipata, mama mkwe mwingine hapati. Anasema Ijumaa atamaliza grisi yake, kisha ataondoka mwenyewe, asifukuzwe."

"Na watoto mtawalisha grisi?"

"Mwambie wewe, mama."

"Nimwambieje na sisemi naye?"

Tukatazamana, mimi na binti yangu, tukaanza kucheka kwa hasira. Heshima ilikuwa imetufunga wote kwenye kamba moja kama mbuzi wa mnada, na hakuna aliyejua pa kuifungulia.

Ijumaa ikafika. Bwana Kofia alikuja kusimama nyuma ya kiti changu aone kama Mwadime atapita. Hakupita. Aliingia kwa mfereji kama kawaida. Meneja alinywa chai yangu tu bila kuuliza.

Asubuhi ikiwa imepamba moto, nyuzi zikajisokota kwenye mashine ikakwama. Ikikwama, injini haizimwi. Mtu wa injini anatoa tu mkanda unaoizungusha mashine, mashine inasimama, mtia grisi anaingia kuzitoa nyuzi kwa mkono. Akimaliza, mnyapara anachungulia, anaona hakuna mtu, anakwenda kwenye chumba cha injini kumwambia mwenzake arudishe mkanda. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Lakini siku hiyo Mwadime hakuingilia upande wa kawaida, kwa sababu upande huo unatazamana na kamera. Aliingilia upande wa pili, akajikunja ndani, mgongo kwangu, gunia limetundikwa kando.

Mnyapara akachungulia. Hakuona mtu. Akageuka akaelekea chumba cha injini.

Mimi nikaona miguu. Kidogo tu, nyuma ya rundo la majani, viatu viwili, na kile cha kushoto kimetupwa nje.

Mnyapara alikuwa ameshaingia mlangoni, na humo injini inanguruma, hata ukipiga bunduki hasikii. Spika ilikuwa upande wa mashine tu. Hakuna mwingine wa kumwita ila aliye ndani. Nikashika mikrofoni.

"Toka! Wewe uliye ndani ya mashine, toka!"

Kina mama wa kupanga majani wakakimbia wote, kila mmoja akidhani ni yeye. Na Mwadime? Mnajua Mwadime alifanya nini? Alisikia sauti ya mama mkwe wake juu ya kichwa chake, akafanya alivyofundishwa na mama yake tangu akiwa kijana. Alijificha. Niliiona ile miguu ikivutwa ndani zaidi, mpaka kwenye visu.

Bwana Kofia alipiga kelele kwa lugha yao. Mimi sikuwa na lugha nyingine. Nilikuwa na neno moja, ambalo sikuwahi kulitia mdomoni.

"Mwadime! Mwadime wa Mwakio! Toka nje sasa hivi!"

Mama mkwe akikutaja jina, ni kama mbingu imepasuka. Aliruka kutoka mle ndani kama sungura aliyepigiwa debe, akaanguka kwenye rundo la majani, macho yamemtoka. Mkanda ukarudi. Mashine ikazunguka. Gunia likadakwa likaingia ndani, likatoka upande wa pili likiwa nyuzi.

Niliweka kichwa juu ya meza nikalia, nikacheka, sijui kipi kilianza. Nilipoinua uso, Bwana Kofia alikuwa amevua kofia. Kumbe ana upara unaong'aa kama sufuria ya harusi.

"Kwa nini aliingia ndani zaidi?" akaniuliza.

"Kwa sababu ilikuwa sauti yangu."

"Na kwa nini akatoka?"

"Kwa sababu nilimtaja."

Akavuta kiti akaketi. "Basi yote uliyoniambia ni kweli."

"Bwana, mimi nina wajukuu. Nitadanganya ili nipate nini?"

Siku hiyo hiyo akaamuru kufuli iwekwe kwenye mkono wa kurudishia mkanda, na ufunguo aingie nao mfukoni yule anayeingia mashineni. Hiyo kufuli mnayoiona leo ndiyo hiyo. Msikubali mtu aiite usumbufu. Kuhusu Mwadime akasema, "Simfukuzi. Lakini atapita wapi?" Nikamwambia hilo si la ofisi, ni la nyumbani kwetu.

Jumapili wakaja, nyumba mbili. Mwadime alikuja na leso mpya na mbuzi. Mimi nilikuwa nimepika kimanga, chakula chetu cha mihogo na maharage, nikakiponda mwenyewe mpaka kikalainika. Mamake Mwadime alikuwa wa kwanza kufungua mdomo, na ule mdomo haujui kufungwa.

"Mkwe mwenzangu, umemtaja mwanangu mbele ya kiwanda kizima!"

"Nimemtaja. Akaja mzima. Ulitaka nimtaje kwenye mazishi?"

Akaniangukia shingoni akalia, na leso yangu mpya ikawa kitambaa chake cha pua.

Wazee wakasema heshima iliwekwa ili watu waishi, na ikianza kuua, watu wafungue mdomo. Nikachota kimanga kwa mkono wangu, nikampa Mwadime, akala mbele yangu. Mara ya kwanza kumtazama usoni. Ana jicho zuri, sikujua Mghoi aliona nini kumbe aliona hilo. Alitafuna polepole, akameza, akasema kwa sauti ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia:

"Mama, naomba uniite tena. Ile siku sikusikia vizuri, mashine ilikuwa karibu."

"Mwadime," nikasema.

"Naam, mama."

Nyumba nzima ikapiga vigelegele. Baba yake Mghoi, ambaye hacheki hovyo, alitoka nje kujifanya anamtazama mbuzi.

Jumatatu nikakaa kwenye kiti changu, kamera ya getini. Watu wanapita, mzee wa mizani anainama. Halafu nikaiona ile miguu inakuja kwa mlango mkubwa, viatu vikavu, kuku anapigwa teke kila hatua. Mwadime akafika chini ya kamera akasimama. Akainua uso wote, hana gunia wala kofia, mdomo ukacheza. Kioo hakina sauti, lakini nilijua ananiamkia. Akasimama pale anangoja, na foleni nyuma yake inaanza kununa. Athmani alikuwa amerudi Jumamosi kurekebisha waya wa spika na kuongeza nyingine pale getini. Nikabonyeza.

"Pita, Mwadime. Unachelewesha watu."

Foleni ikapasuka kwa kicheko, naye akapita amejaa meno.

Sasa ni nyinyi mnaokalia hicho kiti. Tazameni miguu. Badilisheni kamera, msikwame getini kama wale wanaume. Nasikia Mwadime bado husimama pale chini kila asubuhi na kuinua uso, ijapokuwa anajua mimi sipo. Msimwache asimame sana. Bonyezeni, mwiteni kwa jina lake, apite kazini.